Mafuta ya Zeituni na Misiba ya Kigamboni

Nyumbani kwetu Kariakoo mafuta ya zeituni hayakuwa chakula. Yalikaa chumbani kwa bibi, mama yake baba, ndani ya kichupa cha kijani kilichosimama kando ya habasoda na asali ya dawa, na yalitoka humo kwa sababu maalumu tu. Sikio likiuma, alitia tone moja lililopashwa moto kwenye kijiko. Goti likikaza, kiganja kizima. Mtoto akiwa mlizi, bibi aliyasomea dua, akampaka utosini, na mtoto akalala akinukia kama mtu aliyerudi hija jana. Bibi alisema mzeituni umetajwa kwenye Kitabu, kwa hiyo mafuta yake hayachanganywi na vitunguu. Alipofariki, hakuna aliyethubutu kuyachanganya.

Chakula kilikuwa kazi ya mama, na mama alikuwa mkaangaji. Sisi ni ukoo wa Kishihiri uliokaa mjini kwa vizazi vingi, hata Kiarabu chetu kimebaki kwenye dua na matusi tu, lakini jiko letu halikusahau kitu. Mama alikaanga sambusa, katlesi, kababu, bajia na kachori. Alikaanga bilinganya. Alikaanga samaki asubuhi ili amtie kwenye mchuzi mchana. Shangazi zangu walikuwa wakitoka Ilala wanaziacha nyumba zao wenyewe zenye majiko yao wenyewe, wanakuja kufuturu kwetu. Mama hakuwahi kusema anajivunia. Alikuwa anawatazama watu wakila, kisha anauliza, "Chumvi imekaa?" huku akijua kabisa kwamba imekaa.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka huo baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilifika na masanduku yangu saa ya chakula cha mchana. Mama aliyatazama, akaingia jikoni, akaongeza sambusa. Hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyofanya kuhusu jambo hilo, na hadi leo naona yalitosha.

Baba alikuwa na duka la kufuli, bawaba na komeo, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Asubuhi moja mteja alitaka kuona kufuli linavyofunguka. Baba alitia ufunguo, mkono ukakataa kuuzungusha. Akamwambia mteja kufuli hilo bovu, akachukua jingine. Nalo likawa bovu. Akachukua la tatu, akaanza kumlaumu aliyemuuzia mzigo. Mteja, ambaye Mungu ambariki popote alipo, alimtazama vizuri akamwambia, "Mzee, kufuli ni zima. Ila mdomo wako umekaa upande."

Kilikuwa kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi mahali pake kabla ya jua kuzama, na mkono ulirudi taratibu kwa wiki kadhaa. Baba alilisimulia tukio hilo kwa wote waliokuja kumjulia hali, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba hata hivyo lile kufuli la kwanza halikuwa zuri.

Tulimpeleka kwa daktari wa moyo kwenye kliniki moja ya mjini. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, mzee."

Baba alinigeukia kwa nusu sekunde, kisha akarudi kwa daktari. Nikatazama ukuta.

Daktari alieleza kwamba presha iko juu, na lehemu kwenye damu, ile kolesteroli, iko juu pia, na kwamba mishipa ya baba ni kama bomba la maji la nyumba ya zamani: haijaziba, lakini haiko mbali. Atakunywa dawa kila siku bila kuruka. Atapunguza chumvi. Atatembea. Atakula samaki, maharage, mboga na matunda. Halafu akauliza swali ambalo wote tulijua linakuja.

"Nyumbani mnapika kwa mafuta gani?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani. "Ya kawaida," alisema.

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Daktari akatabasamu. Akasema vitu vinavyozama kwenye mafuta vipungue sana, na yale mafuta ya mgando yaachwe kabisa. Badala yake tutumie mafuta ya zeituni, yale yanayoitwa ekstra vejini, yaliyokamuliwa bila kupikwa wala kusafishwa kwa dawa. Alisema mafuta hayo ni ya aina inayosaidia kushusha lehemu mbaya yakichukua nafasi ya mafuta mabaya, na kwamba humo ndani yamo mambo mengine kutoka kwenye tunda lenyewe yanayosaidia kulinda mishipa ya damu. Alisema tuchague chupa ya rangi nzito, maana mwanga unayaharibu, na tuiweke mbali na jiko.

"Na yakikuwasha kooni, mzee, usishtuke. Yaliyo mazuri huwa na uchungu kidogo na yanakwaruza."

"Nile mafuta ya masikio?" baba aliuliza.

"Ni yale yale, mzee, ila ya kula."

"Na magoti je?"

"Magoti pia yatafaidika ukipungua uzito."

Tulipofika karibu na nyumbani ndipo mama alipofungua mdomo. "Miaka yote hii nimemlisha," alisema, akiitazama barabara. "Leo naambiwa nilikuwa namuua."

"Hakusema hivyo, mama."

"Amesema kidaktari."

Kesho yake mimi na mama tulienda kutafuta mafuta. Mwenye duka, mtu mzima aliyemjua mama tangu ujana, alituwekea chupa kwenye kaunta. Mama akavaa miwani, akasoma lebo pole pole, akaniuliza maana ya lile neno la pili. Nikamwambia ni bikira. Akauliza la kwanza. Nikamwambia ni kama kusema zaidi, au wa ziada. Mama akaishusha chupa.

"Bikira anazidishwaje?"

Mwenye duka aligeuka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangika. Nikamweleza mama kwamba ni kwa sababu ni mkamuo wa kwanza, hayajapitishwa kwenye moto wala dawa. Mama alisema wangeandika hivyo basi, badala ya kuwavunjia watu heshima, kisha akaagiza chupa kubwa zaidi, na akaomba ifungwe kwenye gazeti.

Jioni ile alikaanga sambusa kwa yale mafuta. Hakutumia kijiko wala vijiko. Aliimimina chupa nzima kwenye karai, akasubiri, akatumbukiza. Nyumba ilijaa harufu ya chumba cha marehemu bibi, na baba akatoka sebuleni akiuliza nani anaumwa sikio. Sambusa zilitoka nzuri, na baba alikula nyingi kwa sababu za kiafya.

Tuliporudi kliniki mama mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa. Alisema ametekeleza. Daktari akauliza ametekelezaje, mama akamweleza, na daktari akaweka kalamu chini.

"Mama yangu," alisema, "mafuta hayo ni mazuri, lakini sambusa ikizama humo bado ni sambusa. Nia ni kuyatumia kidogo, badala ya mengine. Kijiko kimoja unapopikia mboga. Kijiko kingine unamwagia juu ya chakula kikishaiva. Hayatibu yakiongezwa juu ya yale yale ya zamani. Yanasaidia yakiwa pamoja na chakula kingine."

"Kwa hiyo nisikaange."

"Punguza."

"Daktari," mama alisema kwa adabu kubwa, "mtu hawezi kupunguza kukaanga. Anakaanga au hakaangi."

Tuliporudi nyumbani alilisugua karai, akalikausha kwa kitambaa, akalitundika ukutani. Akatoka jikoni, akakaa sebuleni, akawasha televisheni. Akasema kazi yake imekwisha, sasa mgonjwa atapikiwa na wasomi. Msomi aliyekuwepo nyumbani ni mimi, niliyesomea uhasibu.

Sipendi kuyazungumzia sana yaliyofuata. Nilichemsha. Nilichemsha samaki, nilichemsha viazi, nilichemsha mchicha hadi ukapoteza nia ya kuishi. Kisha nikamwagia kijiko cha mafuta ya zeituni juu, kama nilivyoelekezwa, na yakaelea pale kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Siku ya kwanza baba alionja, akakohoa, macho yakamtoka.

"Yameharibika haya."

"Hapana, baba. Daktari alisema yanakwaruza. Ndiyo uzuri wake."

Akala. Baba alikuwa mtu wa kula anachowekewa, kwa sababu alifundishwa na mama yake kwamba chakula hakitukanwi. Lakini alikula kama anayesaini kitu mbele ya polisi. Mama aliketi ng'ambo ya mkeka, akala alichopika mwenyewe pembeni kwa ajili yake, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chumvi imekaa?"

Baada ya muda misiba ikaanza.

Jumamosi moja baba alivaa kanzu safi, akapaka udi, akasema kuna msiba Kigamboni, mtu waliyesoma naye madrasa. Tukampa pole. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mwingine, pia Kigamboni, mteja wa zamani. Iliyofuata ilikuwa arubaini ya yule wa kwanza, jambo lililonishangaza kidogo kwa sababu siku zenyewe zilikuwa bado. Halafu akafariki fundi mmoja. Halafu mjomba wa fundi huyo. Nilianza kuwaogopea watu wa Kigamboni. Baba alitoka nyumbani akiwa na huzuni na akarudi ana nuru usoni, na akilala mchana anakoroma kama mtu aliyeridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu.

Mama ndiye aliyekuwa anafua kanzu. Jumatatu moja niliingia uani nikamkuta ameishika ile kanzu karibu na pua, amefumba macho.

"Samaki changu," alisema. Akavuta pumzi tena. "Na mafuta yamechoka."

Jumamosi iliyofuata baba alipotangaza msiba, mama alimwombea marehemu, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akavaa baibui lake, akaniambia, "Twende tukatoe rambirambi."

Hatukuwa na haja ya kumfuata kwa kujificha. Mtu anayekwenda Kigamboni kwa pantoni anapandia Magogoni, na kabla hujafika kwenye pantoni kuna Feri, soko la samaki, na kwenye soko la samaki kuna watu wanaokaanga. Tulipofika hatukusogea hata kwenye foleni ya wavukaji. Tulifuata moshi. Kulikuwa na safu ya makarai makubwa yanachemka, samaki wamepangwa juu ya meza za mbao, na watu wamekaa kwenye mabenchi wanakula kwa mikono. Katikati yao, kanzu nyeupe kabisa, leso imefungwa shingoni, alikuwa baba. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mbele yake palikuwa na changu mzima, kachumbari na ugali.

Mama hakumwendea. Alikwenda kwa mkaangaji, mwanamke wa umri wake aliyefunga kanga kiunoni, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na karai. Mimi nikasimama nyuma yake.

"Karibu dada," alisema yule mkaangaji. "Unataka nani? Changu, kibua, kolekole?"

"Ngoja niangalie kwanza," mama alisema. Akaonyesha kwa kidevu. "Yule mzee wa kanzu anakula kwa furaha."

"Aa, yule!" Mkaangaji alipunguza sauti. "Muache ale, maskini. Kafiwa na mkewe."

Nilimshika mama bega. Bega halikutikisika.

"Amefariki lini?"

"Sijui vizuri. Tangu alipoanza kuja hapa nilimuuliza, mzee, mbona unakula peke yako kila Jumamosi, nyumbani hakuna mke? Akaniambia hayupo tena. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi kabisa. Anasema alikuwa mpishi, hakuna mfano wake. Kila akila hapa ananihadithia sambusa za marehemu."

Mafuta yalichemka.

"Mungu amrehemu," mama alisema mwishowe.

"Amina, dada."

"Nipe kipande cha changu nionje."

Akapewa. Akaonja taratibu, akatafuna upande mmoja, kisha mwingine. "Umekaanga vizuri nje," alisema. "Ila mafuta haya ni ya juzi, na samaki umemtia kabla hayajapata moto, ndiyo maana ameyanywa. Usichukulie vibaya. Mimi pia nilikuwa nakaanga, kabla sijafa."

Yule mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtazama mama, akamtazama baba, akarudi kwa mama. Nadhani ni kile kimya kilichomfanya baba ageuke. Alituona. Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea mdomoni, na ulibaki hapo hewani, na kwa sekunde niliogopa kwamba kiharusi kimerudi. Lakini ulimalizia safari yake. Alitia tonge, akatafuna, akameza, akajifuta.

"Bibie," alisema. "Msiba umeahirishwa."

Njia nzima ya kurudi walikaa kiti kimoja kwenye bajaji, mimi mbele kwa dereva nikijifanya sisikii.

"Nimekufa na nini?" mama aliuliza.

"Sikusema umekufa. Nilisema hayupo tena jikoni. Pale pana kelele. Neno la mwisho limemezwa."

"Na machozi?"

"Moshi."

Tukapita taa za barabarani.

"Umemsifia marehemu," mama alisema.

"Nilisema kweli tu."

Jumapili asubuhi mama aliamka mapema, akaenda mwenyewe Feri, akarudi na samaki. Aliingia jikoni, akaniambia nikae pembeni niguse kitu nikiambiwa tu. Nilikaa. Nilifurahi sana kukaa.

Alimpasua changu mgongoni, akamsugua kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu nyingi, kwa sababu alisema chumvi ikipungua lazima kitu kingine kisimame mahali pake. Akampaka mafuta ya zeituni kwa vidole, kidogo, kama bibi alivyokuwa anapaka magoti. Akamtia kwenye jiko la kuokea tulilopewa zawadi na shangazi, ambalo hadi siku ile lilihifadhi sufuria. Kila baada ya muda alifungua mlango wake, akainama, akasikiliza. Mama alizoea kupika kwa kusikiliza; karai lilimwambia kila kitu. Lile jiko lilikuwa bubu, na jambo hilo lilimuudhi.

Samaki wa kwanza alikauka. Mama alimtazama akasema, "Huyu ni wako," akanisogezea. Wa pili alitoka ameshikana, ngozi ina rangi, mchuzi wake wa ndimu chini ya sinia. Mama alichukua kijiko cha mafuta mabichi, akakizungusha juu yake wakati bado anafuka moshi. Harufu ilinyanyuka. Haikuwa harufu ya chumba cha bibi tena. Ilikuwa kama majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi.

Baba alimaliza upande wa juu, akageuza, akamaliza upande wa chini. Akanyonya kichwa. Mama alikuwa anamtazama tu.

"Chumvi imekaa?"

"Hamna chumvi humu," baba alisema. "Lakini imekaa."

Basi kuanzia hapo mama akashika hatamu. Alifanya mambo ambayo sikuwahi kufikiria angeyafanya. Alipika kunde na kuzimalizia kwa zeituni. Aliponda dengu kwa limau na kitunguu saumu, akasema hivi ndivyo walivyokula kwao zamani kabla ya watu kupata hela ya kukaanga kila siku. Alionja mafuta ya chupa mbalimbali kwa kumeza matupu na kusubiri koo limkwaruze, na yasipokwaruza alirudi dukani kumwambia yule mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba bikira wake ana mashaka. Sambusa zilibaki za Ijumaa, chache, na hakuna aliyelalamika, ukimwondoa shangazi mmoja wa Ilala aliyesema nyumba imekuwa hospitali na bado akaja kila wiki.

Baba alianza kutembea asubuhi baada ya swala. Alipungua. Akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari wa dukani na akatuonyesha sote. Misiba ya Kigamboni ilikoma. Watu wa kule walipata ahueni.

Tulipokwenda kliniki tena, daktari alimpima baba, akafurahi. Presha imeshuka, lehemu nayo imeanza kushuka. Alisema dawa ndizo zinafanya kazi kubwa na asiziache kamwe, lakini chakula na mwendo vinazisaidia, na kwamba anaona kuna mtu nyumbani anafanya kazi nzuri. Baba alimwonyesha mama kwa kiganja, kama anayeonyesha mzigo mpya uliofika dukani.

Daktari akauliza, ili kuongea tu nadhani, "Na wewe mama, umewahi kupima?"

"Mimi? Mimi siumwi."

"Kaa hapa tu, ni dakika moja."

Mama alikaa kwenye kiti cha baba, akakunja mkono wa baibui, akaendelea kunieleza kuhusu bei ya ndimu. Daktari alitazama kipimo. Akakifungua kile kitambaa cha mkononi, akakifunga upya, akapima tena, na safari hii alimwomba anyamaze. Kisha akapima mkono wa pili. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyokuwa anaongea polepole.

Presha yake ilikuwa juu kuliko ya baba siku ile ya kufuli. Majibu ya damu yalipotoka, nayo yalikuwa mabaya kuliko ya baba. Miaka yote mama alikuwa anaonja. Kila kundi la sambusa, moja kwanza, kujua chumvi. Na miezi ile sisi sote tulipokuwa tunamchunga baba, yeye alikuwa anakula pembeni chakula chake alichopika mwenyewe, na hakuna aliyeinua kichwa kutazama kilichomo sahanini mwake.

"Mama," daktari alisema, "huenda wewe ndiye niliyepaswa kuanza naye."

Mama aliitikia kwa kichwa kama anayeambiwa habari za jirani. Aliposimama aliusahau mkoba wake kitini. Baba akauchukua. Baba yangu ni mtu ambaye hakuwahi kubeba hata kapu la mkewe kutoka sokoni, maana alikuwa na msimamo juu ya mambo hayo. Aliushika ule mkoba mweusi kwa mikono yote miwili, mbele ya tumbo, akapita nao mapokezi, akapita nao duka la dawa, akashuka nao ngazi. Mtu waliyefahamiana alimsalimia barabarani, "Mambo vipi, mzee?" na baba akajibu "Salama" bila kuuficha. Nyumbani aliuweka juu ya kitanda upande wa mama, akatoka uani, akakaa huko peke yake muda mrefu.

Jumamosi alivaa shati la kawaida. Mama akamuuliza anakwenda wapi.

"Feri."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu ananidai maneno," alisema.

Alikwenda kumwambia yule mkaangaji kwamba mkewe yu hai. Nilijua kwa sababu wiki ileile nilipita Feri kununua samaki, na yule mama akaniita. Alisema mzee alisimama mbele ya karai lake kama mtu aliyeletwa na polisi, akamwomba radhi, akasema mke wake hajafa, yuko nyumbani, anakunywa dawa, na kwamba yeye baba hataki maneno yale yabaki yakizunguka hapa sokoni, maana huwezi kujua nani anayasikia. "Nikamkaribisha kipande," alisema yule mama. "Akakitazama sana. Akaondoka."

Sasa wote wawili wanatembea asubuhi. Baba anatangulia, mama anafuata nyuma akilalamika kwamba mtu akitembea mbio hivyo majirani watadhani tumeibiwa. Mama anameza dawa zake kwa sababu baba anasimama mbele yake na glasi ya maji hadi amalize. Mimi nimepata kazi ya kushughulikia hesabu za kampuni moja ya usafirishaji, na natoka nyumbani asubuhi, lakini chakula cha jioni tunakula pamoja. Yule daktari bado hajaoa. Baba anamuuliza kila anapokwenda, na kila akirudi ananipa jibu bila kuulizwa.

Kugawa mafuta kumekuwa kazi ya baba. Chupa inakaa upande wake wa mkeka, na ni yeye pekee anayeigusa. Juzi mama alipika maharage mabichi na nyanya, na samaki wa kuoka. Baba alichukua kijiko, akakijaza, akakisawazisha kwa macho, akamwagia kwenye sahani ya mama taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati. Mama akamega kipande cha mkate, akachovya, akakohoa kidogo.

"Mazuri haya," alisema. "Ongeza."

"Daktari kasema kijiko."

"Daktari yuko wapi?"

Baba aligeuka akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akakijaza kijiko hadi nusu, akamwongezea, akakifunga kizibo.

"Kula," alisema. "Samaki anapoa."

Tukala.